Nakala ya Baiti 10,240

Jumatatu ile asubuhi Mama wa hesabu alikuja mlangoni kwetu na ombi dogo. Folda ya hati za malipo ilikuwa imefutwa kwa bahati mbaya Ijumaa jioni, na alitaka tuirudishe kutoka kwenye bakapu. Nikamwambia akae, ni dakika kumi tu. Nikafungua diski ya nje tunakoweka nakala za kila usiku, nikaorodhesha mafaili kwa tarehe. Yalikuwa 14. La kwanza, la Jumanne ya siku 13 nyuma, lilikuwa na gigabaiti 38. Yaliyobaki 13 yote yalikuwa na ukubwa mmoja: baiti 10,240.

Aliyeishi na programu ya tar anaijua namba hiyo. Tar huandika kwa bloku za baiti 512, na kwa kawaida hujaza bloku 20 kwa mkupuo. Ukiiambia ifunge saraka isiyo na kitu ndani, inakupa hizo bloku 20 na hakuna zaidi. Kwa usiku 13 mfululizo tulikuwa tumehifadhi saraka tupu.

Skripti iliyofanya hivyo niliiandika mimi. Niliipanga ibakize nakala 14 na kufuta iliyozidi, kwa hiyo usiku uliokuwa unakuja, saa nane, ingelifuta lile faili la Jumanne, faili pekee lenye kitu. Niliizima cron, ratiba inayoiendesha kila usiku, kabla sijamgeukia Mama na kumwambia ukweli.

Kwenye chai ya saa nne tulikuwa wanne: Mzee, aliyezilea seva za ofisi ile kabla yetu sote, Binti, fundi wetu mpya mwenye mikono myepesi, Mama wa hesabu, aliyekataa kuondoka mpaka aelewe, na mimi. Mjadala uliozuka pale nimeubeba tangu siku ile, na ninauandika kwa sababu nimeshakuta skripti kama yangu kwenye seva za watu wengine.

BINTI: Mzee, niruhusu nianze. Nimesoma logi ya kerneli. Jumanne alasiri, saa tisa na dakika chache, imeandikwa: "Invalidating snapshot: Unable to allocate exception." Snapshoti ilijaa, kerneli ikaitangaza batili. Tangu dakika hiyo ilikuwa maiti, na seva ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nasema chombo kinachokufa namna hiyo hakifai kuachiwa mishahara ya watu.

MZEE: Taarifa ilitolewa, binti yangu. Umeisoma wewe mwenyewe sasa hivi. Ilikuwepo siku zote hizo, haikupata msomaji.

MAMA: Subirini. Mnazungumza msiba na mimi simjui marehemu. Snapshoti ni kitu gani?

MZEE: Mama, wewe unalijua daftari la madeni la dukani. Chukulia data zetu zote ni daftari moja kubwa, na wateja wanakuja kutwa nzima: huyu analipa, yule anakopa, mistari inafutwa na kuandikwa upya. Sasa nataka kulinakili daftari zima, lakini kunakili kunachukua saa mbili na duka siwezi kulifunga. Nafanyaje? Naweka kijidaftari pembeni. Saa nane kamili nasema: kuanzia sasa, yeyote anayetaka kubadili mstari wowote wa daftari kubwa, kwanza anakili mstari wa zamani kwenye kijidaftari, ndipo abadili. Mimi nikisoma, mstari ambao haujaguswa nausoma kwenye daftari kubwa, ulioguswa nausoma kwenye kijidaftari. Naona daftari zima lilivyokuwa saa nane, ingawa duka liko wazi. Hiyo ndiyo snapshoti ya LVM, msimamizi wa voliumu za diski kwenye Linux. Kila mstari ulionakiliwa kerneli inauita eksepsheni. Kijidaftari kikiisha kurasa, hakuna pa kuweka eksepsheni mpya, ndiyo maana ya ule ujumbe.

MAMA: Na mteja akija kulipa wakati kijidaftari kimeisha?

MZEE: Hapo ndipo penye uamuzi. Ama umkatalie mteja, ama utupe kijidaftari. LVM inatupa kijidaftari. Duka linaendelea, daftari kubwa halina doa. Kilichopotea ni ile picha ya saa nane, na haifufuki. Unaiondoa kwa `lvremove` na kupiga nyingine. Waliotengeneza waliona ni afadhali picha ife kuliko duka lifungwe, na mimi miaka yote hii sijaona uamuzi bora kuliko huo.

MAMA: Lakini kwetu daftari likijaa halitupwi. Unafungua jingine, unaandika juu "salio limehamishwa", unaendelea.

Binti aliweka kikombe chini. Nadhani ndipo mjadala wenyewe ulipoanza, maana Mama, bila kujua, alikuwa ameugusa mpangilio mmoja ulioandikwa ndani ya `/etc/lvm/lvm.conf`.

BINTI: Ndicho ninachokisema! LVM inaweza kufanya hivyo hivyo, Mama. Kuna mpangilio unaitwa `snapshot_autoextend_threshold`. Ukiuweka 70, basi snapshoti ikifika asilimia 70 inaongezewa nafasi yenyewe. Na `snapshot_autoextend_percent` inasema iongezewe kiasi gani, kwa kawaida asilimia 20 ya ukubwa wake. Lakini ule wa kwanza unakuja umewekwa 100, na 100 maana yake usiongeze kamwe. Nimeangalia kwenye seva yetu: 100. Hakuna aliyeugusa tangu seva ifungwe.

MZEE: Na ungeuweka 70, angeongeza nani?

BINTI: Dmeventd, Mzee. Ni programu inayokaa macho nyuma ya pazia na kufuatilia snapshoti.

MZEE: Ipo hai kwetu?

BINTI: Huduma ya `lvm2-monitor` ipo hai. Nimeiangalia.

MZEE: Vizuri. Sasa nafasi ya kuongezea ingetoka wapi?

Hapo Binti alifungua kompyuta yake na kuandika `vgs`. Safu ya mwisho, VFree, ilisema kundi zima la voliumu limebakiza gigabaiti 6. Snapshoti yetu ilikuwa ya gigabaiti 5. LVM hugawa diski kwa vipande vinavyoitwa ekstenti, kila kimoja megabaiti 4 usipoiambia vingine, kwa hiyo gigabaiti 5 ni ekstenti 1,280. Nyongeza ya kwanza ya asilimia 20 ingekula gigabaiti nzima, ya pili zaidi kidogo, na ya tano isingepata nafasi ya kutosha.

Jambo hili linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiko snapshoti nyingi zinakofia hata kabla ya kuzaliwa. Mtu anafunga Linux, programu ya kufunga inamuuliza maswali, anakubali yote. Kwenye Red Hat na ndugu zake, mgawanyo wa kawaida huchukua nafasi yote ya kundi la voliumu: kiasi cha mzizi, kiasi cha `/home`, kiasi cha swapu, na hakibaki kitu. Miezi sita baadaye anaandika `lvcreate -s` na kujibiwa kwamba nafasi haitoshi: ekstenti 0 zipo, 1,280 zinatakiwa. Anashangaa, kwa sababu `df` inamwonyesha mamia ya gigabaiti matupu. Lakini `df` inahesabu utupu ulio ndani ya mfumo wa mafaili, na snapshoti inahitaji utupu wa nje, ule ambao haujapewa voliumu yoyote. Ni kama chumba cha wageni: nyumba inaweza kuwa na makabati matupu kumi, lakini kama vyumba vyote vina wenyewe, mgeni hana pa kulala. Na ukitaka kurudisha nafasi kutoka kwa voliumu iliyopewa kila kitu, ikiwa ni ya XFS huwezi kuipunguza namna ile ext4 inavyopunguzwa.

MZEE: Unaona, mwanangu. Mpangilio ungeuweka, dmeventd ingekuwa macho, na bado Jumanne alasiri kijidaftari kingeweza kuisha. Kwa nini gigabaiti 5? Nani aliipima?

Aliniangalia mimi. Nilijibu ukweli: niliona 5 kwenye mfano mmoja nilipokuwa najifunza, na kwa mwaka mzima ilitosha, kwa sababu snapshoti ilikuwa inaishi saa mbili tu, kuanzia saa nane hadi saa kumi usiku, wakati hakuna anayeandika.

MZEE: Kwa saa mbili za usiku gigabaiti 5 ni nyingi mno. Kwa siku ya kazi mwisho wa mwezi ni kidogo. Kwa hiyo swali langu si kwa nini ilijaa. Snapshoti iliyopaswa kufa saa kumi alfajiri ilikuwa inafanya nini saa tisa alasiri?

Ninaeleza nilichowaeleza, kwa sababu mnyororo huu ndio kiini cha kisa chetu na hauonekani ukiutazama kutoka mbele. Skripti ilikuwa na hatua tano: tengeneza snapshoti kwa `lvcreate`, ipachike kwenye `/mnt/snap`, ifunge kwa tar, ibandue, iondoe. Hatua mbili za mwisho niliziandika kwenye mstari mmoja:

`umount /mnt/snap && lvremove -f vg0/snap`

Alama hizo mbili za katikati zina maana kwamba amri ya pili isifanyike mpaka ya kwanza ifanikiwe. Niliziweka kwa tahadhari: sikutaka kitu kiondolewe kikiwa bado kinatumika. Sasa, usiku ule wa kuamkia Jumanne nilikuwa macho, nimeingia kwenye seva kutokea nyumbani, nikaingia ndani ya `/mnt/snap` kutazama faili fulani kabla halijafungwa. Nikaliona, nikaridhika, nikalala. Sikutoka kwenye saraka ile. Terminali yangu ilibaki imekaa ndani ya `/mnt/snap`, na Linux haibandui mahali ambapo kuna mchakato umekaa. Tar ilimaliza kazi yake vizuri, ndilo lile faili la gigabaiti 38. Kisha `umount` ikajibu "target is busy", na kwa kuwa ya kwanza imeshindwa, `lvremove` haikuitwa. Snapshoti ikaamka na ofisi, ikabeba siku nzima ya kazi ambayo haikuandaliwa kuibeba, na saa tisa ikajaa.

Jioni ile umeme ulikatika, betri za akiba zikaisha kabla jenereta haijawaka, seva ikazimika na kuwaka tena. Terminali yangu ikafa nayo, upachikaji ukatoweka. Maiti ya snapshoti ikabaki imesajiliwa kwa jina lake. Saa nane usiku `lvcreate` ikaambiwa jina hilo lipo tayari. Amri ya kupachika ikajaribu kuipachika ile batili, ikashindwa kusoma. Tar ikaenda `/mnt/snap`, ikakuta saraka tupu, ikaifunga kwa uaminifu: baiti 10,240. Kisha `umount` ikasema hapajapachikwa kitu, hilo nalo ni kushindwa, kwa hiyo `lvremove` haikuitwa tena. Kesho yake vivyo hivyo. Tahadhari yangu ilikuwa inalinda maiti.

BINTI: Kaka, mimi ningeiandika vingine. Kabla ya tar, mstari mmoja: `mountpoint -q /mnt/snap || exit 1`. Kama hapajapachikwa kitu, toka hapo hapo. Na usafi ufanyike mwanzoni, usisubiri mwisho: kabla ya kutengeneza mpya, tazama kama ya jana ipo, iondoe, na upige kelele kwamba umeikuta.

MZEE: Hapo nakuunga mkono bila shaka yoyote.

BINTI: Lakini bado nasema tuachane na kijidaftari. Mzee, LVM ya Linux aliianza Heinz Mauelshagen mwaka 1998, akifuata mfano wa ile ya HP-UX. Snapshoti za namna hii ni mawazo ya zama hizo. Tangu kerneli 3.2, Januari 2012, tuna voliumu nyembamba. Bwawa moja la nafasi, voliumu zote zinachota humo, na snapshoti haipangiwi ukubwa kabla: inashiriki bloku na voliumu mama, inachota inapohitaji. Hakuna tena kubahatisha 5 au 10. Na ukiwa na snapshoti nne kwa wakati mmoja, za zamani zinamfanya kila anayeandika kunakili mara nne. Nyembamba hazina adhabu hiyo.

MZEE: Yote kweli. Sasa nijibu: bwawa likijaa, nani anakufa?

Binti alikaa kimya kidogo.

MZEE: Sema, binti yangu.

BINTI: Kila anayechota humo.

MZEE: Mama, sikiliza hapa, maana panakuhusu. Kwenye njia ya zamani, kijidaftari kikijaa anakufa kijidaftari peke yake. Kwenye bwawa, daftari kubwa na vijidaftari vyote vinakunywa maji ya bwawa moja. Likikauka, kerneli inaziweka foleni zile bloku zinazotaka kuandikwa, inasubiri sekunde 60 kama utaongeza maji, kisha inaanza kurudisha hitilafu. Mfumo wa mafaili uliokuwa katikati ya kuandika malipo yako unaambiwa haiwezekani. Na bwawa lina daftari lake la ndani, metadata, linalosema bloku ipi ni ya nani. Hilo lina nafasi yake ya pekee na halivuki kama gigabaiti 16. Likijaa hilo, au likiharibika, unahitaji `lvconvert --repair`, tena bwawa likiwa limezimwa. Nimewahi kukesha na kazi hiyo. Sitaki kuirudia kwa ajili ya urahisi wa kutopanga ukubwa.

BINTI: Bwawa nalo linaongezwa lenyewe, Mzee. Lina kizingiti chake.

MZEE: Ambacho nacho kinakuja kimewekwa 100.

BINTI: Ndiyo. Nacho kinakuja 100. Lakini ukikipanga, ukaacha nafasi kwenye kundi, ukafuatilia, bwawa halikauki. Wewe mwenyewe unasema tatizo ni kutofuatilia. Basi tukifuatilia, kwa nini tusitumie kilicho bora?

Hoja hiyo ni nzito na Mzee hakuivunja. Mimi kwa upande wangu nimeishia karibu na Mzee, kwa sababu moja tu: mtu anayechoka atasahau kufuatilia, na siku atakayosahau ningependa kilichokufa kiwe nakala, wala kisiwe data yenyewe. Lakini kwenye seva za majaribio, ambako watu wanapiga snapshoti ishirini kwa siku na kuzitupa, Binti ana haki yote. Anayehamia huko ajue na jambo hili dogo linalowatesa wengi: snapshoti ya voliumu nyembamba haiwashwi yenyewe. Unaipachika unaambiwa haipo, unadhani imeshindikana kutengenezwa, kumbe ina alama ya kurukwa; unaiwasha kwa `lvchange -ay -K`, na ile K ni kubwa.

MAMA: Mimi bado nina swali. Hiyo logi mnayosema ilitoa taarifa, ilimpa nani?

Hakuna aliyejibu mara moja. Binti alivuta kompyuta, akafungua `/var/mail/root`. Cron inapotekeleza kazi na kazi ikatoa maneno, huyatuma kwa barua kwa mwenye kazi. Mwenye kazi alikuwa root, na root wa seva ile hakuwahi kufunguliwa sanduku lake. Barua zilikuwa 14. Ya kwanza ilisema "target is busy". Zilizofuata 13 zilifanana neno kwa neno: jina lipo tayari, haikupachikwa, haijapachikwa.

Hapo ndipo Mzee alipotukumbusha kampuni ya GitLab. Kisa chao kinajulikana kwa sababu wenyewe waliamua kukisimulia hadharani, saa kwa saa, na wahandisi wote duniani wana deni la shukrani kwao kwa hilo. Tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja aliyekuwa anahangaika na seva ya pili ya hifadhidata alifuta saraka ya data kwenye seva kuu, akidhani yuko kwenye ile nyingine. Alipogundua na kusimamisha amri, katika gigabaiti kama 300 zilibaki takribani 4.5. Wakaenda kwenye bakapu. Bakapu ya `pg_dump` haikuwepo: ilikuwa inaendeshwa kwa programu za PostgreSQL 9.2 dhidi ya hifadhidata ya 9.6, ikishindwa kila mara. Snapshoti za diski za Azure zilikuwa hazijawashwa kwa seva za hifadhidata. Na barua za cron zilizopaswa kuwaambia kwamba bakapu inashindwa zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua pepe, kwa sababu hazikuwa na uthibitisho wa DMARC.

Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM. Kwa kawaida ilipigwa mara moja kwa saa 24, kwa ajili ya kujaza seva ya majaribio. Siku ile fundi alikuwa ameipiga kwa mkono, saa sita hivi kabla ya ajali, kwa kazi nyingine kabisa. Wakarudi kwenye hiyo. Kunakili kulichukua saa nyingi kwa sababu diski za ile seva ya majaribio zilikuwa za polepole, na vilivyoandikwa katika zile saa sita vilipotea: kwa makadirio yao miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, akaunti mpya kama 700.

BINTI: Kwa hiyo hata wao snapshoti iliwaokoa kwa bahati.

MZEE: Kwa bahati, ndiyo. Lakini tazama kwamba ile picha ilikuwa imeshanakiliwa kwenye mashine nyingine. Kama ingebaki diski ileile na diski ikafa, wangebaki na nini? Snapshoti ya LVM haina data zote ndani yake, Mama. Ina mistari ya zamani tu. Iliyobaki inaisoma kutoka kwenye daftari kubwa. Daftari likiungua, kijidaftari ni mabaki ya mistari isiyo na kitabu.

MAMA: Na barua zao zilikuwa zinakataliwa.

MZEE: Barua zao zilikataliwa. Zetu zilipokelewa.

Alilisema hilo taratibu, bila kuniangalia, na lilinichoma kuliko ukali wowote.

Tulirudi kwenye seva wote wanne. Ninataka kueleza dakika zile kumi kwa sababu namna Mzee alivyofanya ndiyo nimeifuata tangu hapo. Hakugusa kitu kwanza. Aliandika `lvs -a` na kutuonyesha kwa kidole safu ya tatu, yenye herufi ambazo wengi tunazipita kama mapambo: `swi-I-s---`.

MZEE: Soma taratibu. S ya mwanzo, hii ni snapshoti. W, inaandikika. Ruka mpaka herufi ya tano. Ikiwa hai utaona a ndogo. Hapa kuna I kubwa, batili. Mbele, safu ya Data% inasema 100.00. Hizo mbili zinatosha, usipoteze muda kuitengeneza. Ingekuwa a ndogo na asilimia 92, ungekimbilia `lvextend` sasa hivi, kabla hujauliza chochote.

BINTI: Na kama `lvcreate` yenyewe inakataa?

MZEE: Itakwambia sababu, ukiisoma. Ikisema haikuti targeti ya snapshot kwenye kerneli, moduli haijapakiwa: `modprobe dm_snapshot`. Ikisema nafasi, `vgs`. Ikisema jina lipo, ndiyo sisi leo. Ikitengenezwa vizuri halafu XFS ikakataa kupachikwa, tazama `dmesg`: itakuwa inalalamika UUID imejirudia, kwa sababu picha na mwenye picha wana kitambulisho kimoja. Pachika kwa `-o ro,nouuid`. Na `umount` ikikataa, `fuser -vm /mnt/snap` itakutajia aliyekaa ndani.

Kisha akaandika `lvremove vg0/snap`, akaulizwa kama ana uhakika, akajibu y. Maiti ya siku 13 iliondoka kwa sekunde moja.

Siku ile Binti alipiga snapshoti mpya ya gigabaiti 5 saa nne na nusu, akaiacha, akawa anasoma Data% kila baada ya dakika kumi na kuandika kwenye karatasi. Ndivyo ukubwa unavyopatikana: unaupima kwenye saa za kazi ya kweli. Kinachojaza ni idadi ya vipande tofauti vilivyoguswa. Kipande kimoja kikiandikwa mara mia kinanakiliwa mara moja tu. Kufuta faili kubwa hakujazi sana, kwa sababu kufuta hubadili orodha. Nafasi iliyoachwa ikianza kuandikwa upya ndipo unaona asilimia zinapanda. Karatasi yake iliposomeka saa kumi jioni tulijua siku ya kawaida inakula kiasi gani, na tukajua pia kwamba mwisho wa mwezi utahitaji zaidi. Tuliongeza diski, tukaacha gigabaiti 40 za kundi bila mwenyewe, kizingiti tukakiweka 70. Kuhusu voliumu nyembamba, Mzee na Binti hawakukubaliana, na mpaka Mzee alipostaafu walikuwa bado wanaulizana.

Mama alirudishiwa folda ya siku 13 nyuma. Hati za siku zilizofuata zilipigwa chapa upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, watu watatu, siku nne. Nilikuwa mmoja wao.

Kabla hajatoka ofisini kwetu aliuliza faili la jana lilikuwa na ukubwa gani. Nikamwambia, baiti 10,240. La juzi? 10,240. Akatikisa kichwa.

MAMA: Mwanangu, mimi sijui lvs. Lakini mhasibu akiona siku mbili zina jumla ileile mpaka senti ya mwisho, halali. Nitumie hiyo namba kila asubuhi. Kwenye simu, namba tu.

Binti aliongeza mistari mitatu mwishoni mwa skripti. Kesho yake saa moja kasoro asubuhi nilikuwa kituoni nasubiri daladala, simu ikaingia. Ujumbe ulikuwa umetumwa kwetu sote wanne: 41,318,604,800. Baada ya dakika moja Mama alijibu kwamba ameiandika kwenye daftari lake, na anasubiri ya kesho.